Ubeti wa Nyuma ya Mlango

Umeme ulikatika jioni, na gauni la bibi harusi lilikuwa limebaki kupigwa pasi tu. Mama mdogo akaniambia nitangulie dukani, niwashe ile pasi ya mkaa ya zamani, yeye angenifuata akimaliza kuoga. Wateja wa harusi hawana subira. Ukichelewa kidogo wanakuja ukoo mzima kukuuliza kama unataka bibi harusi avae shuka.

Nikaenda. Njia ni fupi, na giza lilikuwa ndiyo kwanza linaanza kuingia.

Duka letu la ushonaji ni chumba kimoja kirefu. Mbele kuna cherehani za kukanyaga kwa miguu, katikati meza ya kukatia, nyuma kabisa mlango wa stoo. Stoo haina dirisha. Tunaweka humo majora ya vitambaa na gunia la mkaa. Mama yangu alifia humo.

Nasema hivyo hivyo kwa sababu ndivyo nilivyoambiwa tangu sijaanza shule. Duka lilikuwa lake. Jioni moja alichoka, akaingia stoo na pasi yenye moto, akajifungia alale kidogo, na moshi wa mkaa ukamlaza moja kwa moja. Mdogo wake, huyu mama mdogo, akarithi duka, akanirithi na mimi. Alinilea vizuri, sitamnyima haki yake. Nilikula kabla yake, nilibebwa mgongoni kwake, na kila usiku kabla sijalala aliniimbia ubeti wa mama.

Maana mafundi wa duka letu tuna wimbo wetu. Kiitikio ni cha wote, kinakwenda na mwendo wa miguu:

Kanyaga, cherehani, kanyaga,
uzi ukikatika, tunaunga.

Kisha kila fundi ana ubeti wake aliojitungia, na akifa, wanaobaki wanamwimbia. Ubeti wa mama ndio aliouimba jioni ile nyuma ya mlango kabla hajalala. Mama mdogo aliusikia kwa masikio yake, akatufundisha wote:

Nimechoka kushona, usingizi wanilaza,
mlango nimejifungia, mwanangu, nawe nyamaza.

Hata mimi niliukumbuka. Nilikuwepo, nikicheza na vipande vya vitambaa chini ya meza. Sauti ya mama niliisikia miaka yote hiyo kichwani, laini, ikiniambia ninyamaze. Ungeniambia sikumbuki sawasawa, tungegombana.

Nikawasha mkaa nje, nikautia kwenye pasi, nikaiweka juu ya meza ishike moto. Nikakaa kusubiri kwenye kiti cha mama mdogo, juu ya mto wake. Mto ule hakuna aliyeruhusiwa kuufua. Alisema ndio pekee unaoujua mgongo wake, nasi tulimtania kwamba tutamzika nao. Jioni ile, katika mwanga mdogo uliobaki, kidole changu kikapita pembeni mwake na kukuta mshono wa mkono. Hatua kubwa kubwa, uzi mweusi, zimepinda kama za mtoto anayejifunza. Mshono wa mama mdogo! Mwanamke aliyenifumulisha pindo zima kwa sababu ya hatua moja.

Fundi hawezi kuona mshono mbovu akauacha. Ni ugonjwa. Nikachukua wembe, nikaufumua ili nimshonee vizuri.

Ndani ya pamba, kidole kikagusa kitu kigumu.

Nikakivuta. Kilikuwa kifurushi kidogo, kimezungushiwa uzi mweusi, fundo juu ya fundo. Kitambaa chake kilikuwa cha kijani chenye maua meupe, na nywele zilichomoza pembeni. Kitambaa kile nilikijua. Mama ana picha moja tu, na katika picha hiyo amevaa gauni la kitambaa hicho.

Kikulacho ki nguoni mwako. Sisi mafundi huwa tunaicheka sana methali hiyo, lakini pale sikuwa na kicheko. Nikashika mkasi, nikaukata ule uzi.

Kifurushi kikaniponyoka. Kikaanguka sakafuni, kikabiringika... hakikusimama. Sakafu yetu haina mteremko. Kilikwenda hadi nyuma, kikapenya chini ya mlango wa stoo.

Ngo. Ngo. Ngo.

Mtu alikuwa anagonga kutoka ndani.

 Kisha nikasikia harufu ya moshi. Pasi ilikuwa mbele yangu, mkaa wake mwekundu, hautoi moshi hata kidogo. Moshi ulitoka kule nyuma, chini ya mlango, mzito, wa kizamani. Na sauti ikaanza. Haikuwa laini kama niliyoijua. Ilikuwa kavu, imekwaruzika.

Nimechoka kugonga, moshi wanilaza...

Ikakoma ghafla. Ikasubiri.

Mdomo wangu ukamalizia wenyewe. Sikuwa nimefundishwa maneno yale na mtu yeyote, lakini yalitoka kama kwamba nilikuwa nayo chini ya ulimi tangu utoto:

...mdogo wangu kafunga. Mwanangu, mbona wanyamaza?

Nikauona mlango. Komeo lake lipo nje. Nimelifunga na kulifungua maisha yangu yote, na sikuwahi kuliona. Upande wa ndani hakuna kitu, ni mbao tupu. Katika stoo ile mtu hawezi kujifungia.

Na mengine yakaja. Niko chini ya meza. Naona miguu ya mama mdogo inakanyaga cherehani, inakanyaga, na juu hakuna kitambaa chini ya sindano. Kule nyuma mama anaimba na kukohoa. Kila akimaliza ubeti, mama mdogo anamwitikia, kanyaga, cherehani, kanyaga, kwa sauti kubwa ya furaha, ili anayepita nje aseme madada wanashona. Kisha anainama, ananitazama chini ya meza. Anaweka kidole mdomoni.

Hasira niliyoisikia sijui niifananishe na nini. Ilikuwa inatoka tumboni na ilikuwa tamu.

Mlango wa mbele ukafunguliwa. Mama mdogo aliingia ananukia sabuni, akauliza kama pasi imeshika, akalalamika kwamba nimekaa gizani. Nilimwomba aniimbie ubeti wa mama. Akacheka kidogo, akasema mtu mzima kama mimi bado nataka kubembelezwa, lakini aliniimbia, kwa upole uleule wa miaka yote. Alipofika kwenye nawe nyamaza, stoo ikamjibu.

Ngo. Ngo. Ngo.

Uso wake sikuuona vizuri. Nilimwona akigeuka kutazama kiti, mto, pamba iliyotapakaa.

"Umefumua," alinong'ona.

"Mshono ulikuwa mbaya, mama."

"Kiko wapi?"

"Kimeingia stoo."

Hakuniuliza ni nini kimeingia stoo. Hilo nataka mlikumbuke. Alichukua pasi yenye moto kutoka mezani, akaifungua kifuniko, mkaa ukamulika kidevu chake. Akasema kwa sauti ya chini kwamba mganga alimwambia kikifunguka kichomwe palepale, kikiungua dada yake atanyamaza, na mimi nitasahau, na kesho tutapeleka gauni la watu. Alisema nitasahau kama anayeniahidi zawadi.

"Ulimfungia?" nikamuuliza.

Alisimama mbele ya stoo, mkono kwenye komeo. "Wewe ulikuwa mtoto," akasema. "Mtoto anakumbuka anachoimbiwa."

Akafungua, akaingia, akapiga magoti kati ya majora ya vitambaa akipapasa sakafuni, pasi pembeni yake, moto wazi.

Mlango ukajifunga.

Komeo likashuka. Nilisikia chuma kikigonga chuma.

Kwanza aliniita kwa jina langu la utotoni. Kisha akagonga kwa kiganja, baadaye kwa ngumi. Akasema mwanangu, fungua, kuna mtu humu. Akasema tena, kwa mnong'ono uliopita kwenye ufa wa mlango, "Amenishika mguu." Nikasikia gunia likianguka, mkaa ukimwagika juu ya moto. Moshi ukaanza kutoka chini ya mlango. Safari hii ulikuwa moshi mpya.

Mtenda akitendewa, hudhani kaonewa. Akalia kwamba namwonea. Akanikumbusha mgongo alionibebea, chakula alichonipa. Yote yalikuwa kweli. Nilimpenda, na nampenda hata sasa. Lakini mama yangu alikuwa ameimba mle ndani mpaka pumzi ikakata, akiniuliza mimi kwa nini nanyamaza, na aliyeninyamazisha ndiye huyu aliyekuwa anagonga.

Mwishoni akaimba. Labda alidhani ndivyo stoo inavyofunguliwa. Aliuimba ubeti wa mama, ule wa kweli, neno kwa neno. Kumbe aliujua wote.

Miguu yangu ilikuwa tayari juu ya cherehani. Nikamwitikia.

Kanyaga, cherehani, kanyaga...

Nilimwitikia mpaka nikabaki naimba peke yangu.

Mzee Pasi ndiye aliyevunja ukimya. Ni mpigapasi wetu wa tangu enzi za mama, anaishi chumba cha uani, na mdomo wake ni mkali kuliko sindano. Alikuja na tochi kwa ajili ya moshi, akafungua stoo, akamvuta mama mdogo nje. Alikuwa amekwisha kufa. Kiganja chake kilikuwa kimefumba, na tulipokifumbua hakikuwa na kitu. Kifurushi hatukukiona. Tulitoa majora yote, tukafagia, wapi.

Baada ya mazishi Mzee Pasi aliniweka kando. Alisema alikuwa uani jioni ile, kama alivyokuwa uani jioni ya mama. Nikamsimulia sauti niliyoisikia. 

"Nilisikia sauti mbili tu," akasema. "Ya mama yako mdogo na yako. Na mama yako, Mungu amrehemu, alikuwa na pumu. Sikumsikia akiimba hata siku moja."

"Ubeti wake je?"

"Ubeti wake aliuleta mdogo wake."

Kisha akaniuliza lile komeo lilishukaje. Nikamwambia lilishuka lenyewe. Naliona kabisa. Mlango unajifunga, komeo linashuka, na mimi nimekaa mbali, mikono yangu mapajani. Nakumbuka vizuri sana. Akatikisa kichwa, akasema yeye alipokuja alinikuta nimesimama mlangoni, si kwenye cherehani, na kwamba kuna siku itabidi aliseme hilo kwa wanaohusika.

Hilo lilinikosesha usingizi. Kama mama hakuwa akiimba, nani aliyeninong'oneza? Na kama maneno yale yalikuwa yangu mwenyewe, nimemfanyia nini aliyenilea? Lakini alikiri. Alisema umefumua. Alisema mganga. Nilisikia kwa masikio yangu.

Mama mdogo naye, ubeti wa mama, aliusikia kwa masikio yake.

Juzi Mzee Pasi alikuwa anapiga pasi mashati, wasichana wapya wanashona, na mmoja akauliza mama mdogo alikufaje. Nikashusha mkasi. Mzee Pasi hakuinua hata kichwa. Alisema mama mdogo alichoka, akaingia stoo na pasi yenye moto, akajifungia alale kidogo. Alisema anakumbuka vizuri sana; ya kunikuta nimesimama mlangoni hakuyataja tena, kama aliyesahau. Wasichana wakasikitika, wakaomba niwafundishe ubeti wake, nikawafundisha.

Jioni, walipoondoka, nilikaa kwenye kiti cha mama mdogo. Mto upo. Nilikuwa nimeuacha umefumuliwa, pamba nje. Sasa umeshonwa pembeni kwa uzi mweusi, na ndani, nikiubonyeza, kuna kitu kigumu. Mshono ni mzuri, hatua ndogo, zimenyooka, hazionekani mpaka uzipapase.

Ni mshono wangu. Naujua popote.

Sikumbuki kuushona.

Wembe uko kwenye droo, karibu na mkono. Kule nyuma, taratibu, mtu ameanza kugonga, na sauti yake inanukia sabuni na moshi. Ananiita kwa jina langu la utotoni. Nimeweka miguu juu ya cherehani.

Sitaufumua.