Mdomo wa Ok-hwa

Makaa yalikuwa yananuka, na jiko halipo. Mama Ok-hwa aliweka makasi mezani, akainua pua, akanusa tena. Ilikuwa saa nne asubuhi, mwezi wa nne, na jiko la chumba cha kukatia filamu lilikuwa limeng'olewa wiki mbili nyuma, bomba lake likafungwa kwa magazeti na kutupwa stoo. Akachungulia chini ya meza. Akashuka ngazi hadi uchochoroni, kwenye zogo la kila siku la Chungmuro, mtaa wa watengeneza filamu, waigizaji wasio na kazi wakipiga soga mlangoni mwa mkahawa. Huko nje hakukunuka kitu. Alipopanda tena, harufu ikampokea mlangoni.

Harufu yenyewe aliijua. Ndiyo iliyomuulia mtoto. Mwezi wa kwanza, baridi ya kupasua mitungi, Ok-hwa alilala kwenye chumba chake cha kupanga kule mlimani, madirisha yamezibwa kwa karatasi, na sumu ya makaa ikapenya kwenye ufa wa sakafu, maana sakafu zao hupashwa joto kwa makaa chini yake. Walimkuta asubuhi, mashavu mekundu, utadhani ametoka kucheka. Alikuwa na miaka kumi na tisa.

Kwenye kitambulisho mama huyu aliandikwa Cheon Mal-sun, lakini kazini kila mtu alimwita Mama Ok-hwa, na hata mtoto alipokufa hawakuacha. Wangemwita nani tena? Miaka ishirini alikuwa anakata na kuunganisha filamu za watu, mpaka vidole vikawa na harufu ya gundi isiyotoka kwa sabuni. Na sasa mezani kwake palikuwa na filamu ya Mwongozaji Pyo, picha ya wasichana wa kiwanda cha nguo, na ndani yake, dakika tatu tu, alikuwemo mwanawe akiigiza.

Dakika tatu! Wewe uliye na albamu nzima ya wanao huwezi kujua. Picha nyingine pekee ya Ok-hwa ilikuwa ile ya kitambulisho, ndogo kama ukucha, kakunja uso. Lakini hapa alikuwa anatembea. Anafunga kitambaa kichwani, anainuka kwenye cherehani, anavuta pumzi, anamwambia msimamizi: "Fungueni dirisha. Hatupumui." Sauti haikuwepo. Zama zile picha zote zilipigwa bubu, sauti zikatiwa baadaye studio, na Ok-hwa alikufa kabla ya siku ya kutia sauti. Kwa hiyo mdomo ulifunguka kimya. Kila asubuhi, kabla ya kazi, mama yake aliuzungusha mkanda ule mara moja, akatazama, akafuta macho, ndipo akaanza siku.

Siku ile ya harufu ndiyo siku aliyoleta karatasi Afisa Maeng wa ofisi ya ukaguzi wa filamu.

"Sentensi moja tu, Mwongozaji," alisema, viatu kavua vizuri mlangoni, mtu wa adabu zake. "Hiyo ya dirisha. Inaichafua nchi. Kiwanda gani hakina dirisha siku hizi?"

"Vingi," akasema Pyo.

"Mimi sikusikia hilo. Abadilishe. Aseme, 'Tuongeze bidii, nchi inatutegemea.' Mdomo unalingana, nimehesabu mwenyewe."

Pyo akamgeukia Mama Ok-hwa, uso umemshuka. "Bora maneno kuliko makasi, Mama. Tukikubali, mtoto anabaki."

Mama akaitikia kwa kichwa. Na kweli, hilo ndilo alilolitaka duniani: mtoto abaki.

Wakamleta Bang Nam-hui, mwanamke wa sauti, maarufu, aliyewahi kuwa sauti ya nusu ya warembo wa nchi hii. Studio ikazimwa taa ingawa nje palikuwa mchana kweupe. Ok-hwa akajitokeza ukutani, akafunga kitambaa, akainuka.

"Tuongeze bi—" Nam-hui akakohoa. "Samahani. Kuna nani anachoma makaa humu?"

Wakarudia. Akakohoa tena. Mara ya tatu akashika koo kwa mikono miwili, na wakati yeye amefumba mdomo kabisa, kila mtu anamwona, spika ya ukutani ikakwaruza, ikavuta pumzi ndefu, na sauti ya msichana, nyembamba, yenye lafudhi ya mkoa wa Jeolla, ya mtu aliyehamia mjini utotoni, ikasema: "Fungueni dirisha. Hatupumui."

Fundi wa sauti akazima mashine. Akarudisha utepe nyuma, akausikiliza. Ulikuwa mtupu.

"Nani kasema?" Pyo akanong'ona. "Nam-hui, ni wewe?"

"Mimi? Mimi naondoka! Mungu wangu, naondoka!" Akakimbia na kiatu kimoja.

Mama Ok-hwa hakukimbia. Alikuwa amesimama gizani, machozi yanamchuruzika, na moyo wake, Mungu amsamehe, ulikuwa unafurahi. Miezi mitatu hajaisikia sauti ile.

Kuanzia hapo harufu haikuondoka. Ilikaa chumbani mchana kutwa, ikapanda mpaka ofisi ya Pyo, na kila aliyekaa na mkanda ule zaidi ya nusu saa alitoka kichwa kinamgonga na mashavu mekundu. Karani mmoja alianguka ngazini. Ndipo Pyo akamtafuta Bibi Gang, mganga wa kike, akampitisha mlango wa nyuma na kengele zake zimefungwa ndani ya blanketi, maana serikali ilikuwa inawasaka na waganga pia, eti wanairudisha nchi nyuma.

Bibi Gang akatandika wali, samaki mkavu na kikombe cha pombe ya mchele mbele ya meza ya kukatia. Akatikisa kengele polepole. Halafu akaacha, akamtazama Mama Ok-hwa.

"Siku aliyokufa, nani alipanda juu ya paa kumwita roho?"

"Mimi. Hatuna mwanamume."

"Ukamwita mara tatu kwa jina, na nguo yake mkononi, kama inavyotakiwa?"

"Ndiyo, Bibi."

"Nguo gani?"

"Koti la bluu. Alikuwa amelala nalo. Baridi ilimzidi, akarudi nalo nyumbani kutoka... kutoka kazini."

"Kazini wapi?"

"Kwenye picha. Ni koti la yule msichana wa kiwandani."

"Ole wako, mwanamke," Bibi Gang akasema, na hakusema kwa ukali. "Roho inafuata nguo. Umemwita kwa nguo ya mtu wa kwenye picha, naye mtoto mtiifu, amekuja. Amekuja huko huko ulikomwita."

Akainua upepeo wake, akaanza kuzunguka, polepole, kisha haraka, miguu inapiga mbao na kengele zinalia kwa sauti ya chini, na harufu ikapanda, ikapanda mpaka macho ya Pyo yakawa yanatoka maji, na mikebe ya filamu rafuni ikaanza kugongana kama meno, na yule bibi wa miaka sabini akasimama ghafla, mgongo ukanyooka, shingo ikageuka upande kama alivyozoea kugeuza mtu mmoja tu katika dunia hii, na mdomo wake usio na meno ukatoa sauti changa.

"Mama."

"Naam. Naam, mwanangu."

"Kila asubuhi unanizungusha. Nafungua mdomo, sauti hamna. Narudishwa, nafungua tena. Nimechoka, Mama."

"Nilikuwa nataka kukuona tu!"

"Niache niseme. Mara moja tu, watu wakiwepo. Nikishasema nitakwenda."

Bibi Gang akaanguka. Alipopata fahamu hakutaka hata kumalizia pombe. "Huyu simtoi," alisema akifunga kengele. "Hana kosa la kutolewa. Mwenye neno lake kooni hafukuzwi, anasikilizwa. Mwonyesheni mbele ya watu, atajiendea mwenyewe."

Rahisi kusema! Mbele ya watu hufiki ila upitie mbele ya ofisi.

Pyo akaipeleka picha kukaguliwa, mdomo wa Ok-hwa ukiwa bado bubu, kimoyomoyo akiomba itulie siku hiyo moja. Wakaguzi watano walikaa kwenye chumba chao cha mazulia, chai ya shayiri mbele yao, na Mama Ok-hwa kasimama nyuma, kaja na mikebe. Mkanda ukaenda vizuri mpaka kwenye cherehani. Ok-hwa alipoinuka, mmoja akalegeza tai. Wa pili akakohoa. Ile pumzi ndefu ikasikika, na sauti ikajaza chumba, si kwenye spika tena bali kila upande, chini ya viti, ndani ya vikombe, fungueni dirisha, hatupumui, fungueni dirisha, na watu wazima wale wakawa wanakimbilia mapazia kwa kukanyagana, wakayang'oa, wakakuta nyuma yake ukuta mtupu, maana chumba cha wakaguzi hakikuwa na dirisha hata moja.

Afisa Maeng ndiye aliyefungua mlango. Alikuwa mwekundu, na aibu ikageuka hasira.

"Mnatuchezea? Pyo, unatuchezea sisi?"

"Afisa, naapa kwa watoto wangu..."

"Waage hao watoto! Ijumaa nataka sehemu hiyo yote, nakala zote na mkanda wa asili, ikatwe iletwe hapa. Kikibaki kipande hata kimoja, picha nzima inafungiwa na wewe unapanda mlimani."

Chungmuro yote inajua mtu aliyepandishwa mlimani, kwa wapelelezi wa serikali, anarudi vipi. Wengine wanarudi hawawezi kushika kijiko.

Pyo hakumwomba akate. Hilo ndilo lililomuuma Mama zaidi. Alikuja Alhamisi mchana, akakaa kwenye kigoda, akasema, "Mama Ok-hwa, ukikataa mimi sitakulaumu. Mtoto ni mtoto." Kisha akawa anavichezea vifungo vya koti lake mpaka kimoja kikang'oka. Ana wasichana watatu yule, wa mwisho hajaanza kutembea.

"Nenda nje," Mama akamwambia. "Funga mlango."

Akavaa glavu nyeupe. Alianza na nakala, akamalizia na mkanda wa asili, mwanzoni pa kitambaa cha kichwa. Harufu ilikuwa nzito kiasi cha kutafunika. Kichwa kilimgonga, meza ikawa inayumba, lakini hakufungua dirisha wala hakutoka, alitaka kuwa mle pamoja naye, kama ambavyo hakuwa naye ule usiku wa mwezi wa kwanza.

"Mama," ikasema sauti, karibu kabisa na sikio. "Sijasema bado."

"Najua."

"Mama, usinifunge mdomo."

"Nisamehe, mwanangu. Nisamehe. Nisamehe."

Akakata.

Harufu ikaondoka pale pale. Ghafla chumba kikanuka gundi na vumbi, basi. Akangoja. Akaita jina, kwa sauti ya chini, kisha kwa kupiga kelele. Pyo aliposikia kelele akafungua mlango, akamkuta kakaa sakafuni, mkebe mapajani.

"Ahsante, Mama Ok-hwa," alisema, analia.

"Usiniite hivyo tena."

Afisa Maeng aliupokea mkebe, akatia sahihi, akasema utachomwa. Picha ikatoka, watu wakaitazama huku wakitafuna ngisi mkavu, wakasema si mbaya. Penye cherehani iliruka kidogo tu. Mal-sun alikwenda siku kumi na moja mfululizo, akakaa na kuinua pua. Hakupata hata harufu. Nyumbani alikuwa analala sakafuni anaomba: nitese, niumize kichwa, nipe homa, lakini rudi. Mtu gani anaomba mzuka urudi? Mama aliyefiwa, ndiye.

Na ule mkebe haukuchomwa. Nchi hii filamu haichomwi, ni mali. Mtu fulani aliupitisha mlango wa nyuma kwa watengeneza kofia, kama mikanda yote mikuukuu inavyoishia: inakatwa vipande, kila kipande kinashonewa kofia ya majani kuwa utepe mweusi wa kung'aa, na wakulima wanajikinga nazo jua.

Mwezi wa saba, joto la kuyeyusha lami, Mal-sun alikuwa anapita sokoni Namdaemun. Muuzaji wa matikiti madogo ya njano alikuwa amekaa kwenye mkokoteni wake, kofia mpya kichwani. Mal-sun akasimama. Harufu ya makaa.

"Mama, unataka tikiti au unataka kichwa changu?" akauliza yule bwana.

"Naomba kofia. Niione tu."

"Hii? Chukua, lakini angalia, ina vituko. Tangu niinunue, kila nyumba ninayoingia nafungua dirisha. Hata nyumba za watu! Mke wangu anasema nimerogwa."

Akaigeuza juani. Picha thelathini na moja zilizunguka kofia ile, na katika zote alikuwemo Ok-hwa, kifua kinajaa, midomo ndiyo kwanza inaachana. Mama aliujua mkanda ule kuliko kiganja chake. Hapa ni pale anapovuta pumzi. Maneno yanaanza kipande kinachofuata.

"Zilizobaki ziko wapi?"

"Zipi? Kofia? Lilikuwa rundo zima, mama. Zimekwenda Incheon, zimekwenda Daejeon, nani ajue. Mbona unalia?"

Akaiweka kofia sikioni. Pumzi ikavutwa, ndefu, ya mtu anayetaka kusema. Ikafika juu. Ikaanza upya.

"Sema, mwanangu," Mama Ok-hwa akanong'ona, katikati ya soko, jua la utosi. "Sema, nipo. Nasikiliza."

Pumzi ikavutwa tena, na neno lenyewe lilikuwa kichwani mwa mtu mwingine.