Ungo Uliopeta Kimya

Ungo ulikuwa ukipeta tangu alfajiri, na ukipeta hausikiki. Ndani ya Ghala la Kumbukumbu la Tabora, lililochimbwa chini ya ardhi, mikono ya chuma ilichomoa vigae vya kioo kwenye rafu, ikavimulika, ikavirudisha vikiwa na nafasi. Kila kigae kilibeba maisha ya ukoo mzima: picha, sauti, vyeti, hata magomvi ya mashemeji. Na ghala lilikuwa limejaa pomoni. Hospitali ya mji ilikuwa imeanza kukosa pa kuweka picha za mapafu ya wagonjwa, na bila hizo picha madaktari walikuwa wanabahatisha tu.

Ndiyo maana Mhandisi Milembe Kasanda akaunda Ungo. Kazi yake ilikuwa kutafuta kilicho kitupu na kukipepeta nje: picha zilizopigwa gizani kwa bahati mbaya, nakala za nakala, filamu ya harusi moja iliyohifadhiwa na kila shangazi aliyehudhuria. Hapo hapakuwa na ubaya. Lakini Milembe alikuwa mtu asiyevumilia kitu kukaa bure, akaongeza na kimya. Kwenye sauti zote, mahali ambapo hakuna neno linalosemwa, Ungo ukate.

"Hatuwaulizi wenyewe kwanza?" alisema mkuu wa ghala, Bwana Igosha.

"Tuwaulize nini, bwana? Nani atalilia kimya?"

Bwana Igosha akacheka, akaidhinisha. Kufikia jioni robo ya ghala ilikuwa wazi, na picha za hospitali zikaanza kumiminika humo. Milembe alipigiwa makofi, akanywa soda na wenzake, akalala usingizi mnono.

Wiki iliyofuata akaja Mzee Kapalata, fundi cherehani mstaafu, amekumbatia kijisanduku chake cha kusikilizia sauti.

"Shikamoo mzee karibu nikusaidie nini," alisema Milembe kwa pumzi moja, macho yake kwenye kazi.

Mzee alikuwa ameshafungua mdomo kuitikia. Akaufunga, akaketi.

"Mwanangu Nyamizi alikuwa fundi wa mitambo huko Mirihi," alisema. "Amefariki mwishoni mwa masika. Salamu zake zimehifadhiwa hapa kwenu. Sasa sijui mmemfanya nini. Ananiamkia, lakini hangoji nimwitikie."

Akabonyeza. Sauti ya msichana ikatoka mbio: "Shikamoobaba hamjambohaponyumbani mvuaimenyesha namamamdogomgongounaendeleaje mimisijambo."

Kutoka Mirihi sauti huchukua dakika nyingi kufika, kwa hiyo watu wa huko hawazungumzi na wa nyumbani. Hutumiana salamu tu. Lakini Nyamizi alilelewa akalelewa. Akisema shikamoo, alinyamaza, kwa sababu alijua siku atakayoisikiliza, baba ataitikia marahaba. Akiuliza habari ya mvua, alinyamaza tena ili ajibiwe. Na tangu amezikwa kule mbali, kila jioni Mzee Kapalata alikuwa akiketi na kijisanduku chake, wanaongea.

"Hakuna neno hata moja lililopotea, mzee," alianza Milembe. Akajisikia anavyosema, akaona aibu. Yeye mwenyewe amezaliwa na kukulia hapo hapo Tabora. Anajua fika shikamoo isiyongojwa ni kitu gani. Ametoka kumfanyia mzee huyu sasa hivi.

"Nitarekebisha," alisema. "Wewe itikia kama kawaida yako. Mimi nitafungua nafasi kwa kufuata sauti yako."

Wakaanza. "Shikamoo baba." Marahaba mwanangu. "Hamjambo hapo nyumbani?" Hatujambo, tunakusikia. Salamu moja baada ya nyingine, Milembe alipasua maneno na kuyaachanisha, na mzee akaanza kutabasamu, hata akamtania marehemu kuhusu mgongo wa mama mdogo. Moyo wa Milembe ukaanza kutulia. Alidhani amesalimika.

Ikabaki salamu ya mwisho. Mzee akaweka kiganja juu ya kijisanduku.

"Hii haitengenezeki hivyo. Hapa mimi sikuwa na la kujibu. Alisema 'mimi', akakaa. Ndipo akasema 'sijambo'. Pale katikati nilimsikia anavyotafuta hewa. Vumbi la kule lilikuwa limeshamwingia kifuani. Asingeweza kunitia hofu kwa mdomo wake, kakua na adabu. Lakini pale aliniambia."

Milembe akauliza: "Ulikuwa mrefu kiasi gani, huo mwanya?"

"Nitajuaje, mwanangu? Sikuwa napima. Nilikuwa nalia."

Angeweza kuweka mwanya wowote. Lakini ungekuwa kimya kitupu, kisicho na kifua cha mtu ndani yake, na ule wa kweli ulikuwa umeshafunikwa. Mzee akamuuliza umefunikwa na nini, naye akaona bora amwambie tu.

"Picha za hospitali. Za mapafu ya wagonjwa."

Mzee Kapalata akaondoa kiganja juu ya kijisanduku.

"Basi na wapone," alisema. "Niwekee nisikie tena."

Milembe alitamani kukataa. Lakini alibonyeza.

"Mimi sijambo," alisema Nyamizi papo hapo, kwa sauti safi ya mtu mwenye afya tele, na baba yake akainamisha kichwa. Milembe alijua kwamba afya ile ameitia yeye.