Mashine ya Diski Kumi na Mbili

Jua lilikuwa linazama tulipofika kwenye ghala la Mama Vyuma, muuza mashine kuukuu, mimi na shemeji, mume wa dada yangu. Sote wawili tulikuwa mafundi wa kompyuta hospitalini. Mashine yetu ya kutunza nakala za mafaili ya wagonjwa ilikuwa imezidiwa. Kila siku kazi ilikatikia njiani. Tulitaka seva ya kawaida tu, hata iliyotumika, mradi iwe na nafasi ya diski nyingi na feni zisizochoka.

"Hii hapa," alisema shemeji, akionyesha seva moja pembeni. Diski kumi na mbili. Nzima kabisa.

Mama Vyuma akashusha sauti. "Hiyo ilikuwa ya marehemu mume wangu. Ijaribuni, lakini msiilemeze."

Shemeji akacheka. "Mama, punda hajaribiwi kwa mzigo wa manyoya."

Tukaiwasha. Tukaipa kazi yote kwa mpigo, diski zote ziandike pamoja. Feni zikanguruma. Kisha... harufu. Nywele zinazoungua.

Diski zikaanza kugonga.

Ko... ko... ko...

Shemeji akashika mdomo. Jino likamdondokea kiganjani.

"Nani kanipiga?" akanong'ona.

Hapakuwa na mtu. Pigo la pili likamvunja pua, damu ikaruka hadi ukutani. La tatu likamwingia mbavuni. Nilizisikia mbavu zikilia kama kuni kavu. Nikachomoa waya wa umeme.

Haikuzima.

Nikanyakua nyundo iliyokuwa mezani, nikaishukia ile mashine. Bati likabonyea. Shemeji akapiga yowe. Nikapiga tena, na tena, kwa nguvu zangu zote, mpaka diski zikapasuka na feni zikanyamaza.

Nilipogeuka, alikuwa amelala sakafuni. Jicho la kushoto halikuwepo.

Mama Vyuma alikuwa mlangoni.

"Mume wangu aliuawa na mdogo wake, hapo hapo," alisema. "Naye aliapa kwamba alikuwa anavunja mashine."

Nikaitazama nyundo. Ilikuwa na damu... na nywele.

Shemeji hakufa, ila hajasema neno tangu siku ile. Dada huja gerezani kila mwezi. Hukaa ng'ambo ya wavu, akiitazama mikono yangu.

Siku hizi nami huitazama.