Mbunge Mmoja, Ahadi Mbili

Kila asubuhi Bakiri alifungua spaza yake, duka dogo la mtaani hapa Bellevue, funguo mkononi, bastola kiunoni. Mkewe Tabia alipanga mikate na maziwa. Binti yao Bushra alikuwa ameshaenda shule. Wateja walipita wakimsalimu, "Sharp, Bakiri!" Naye alijibu, "Sharp!" Lakini macho yake hayakutoka mlangoni. Wezi walikuwa wamemvamia mara mbili. Mara ya pili walimpiga mpaka akazimia. Ndipo akafuata sheria. Alisoma, akafanya mtihani, akapata leseni ya bastola.

Bakiri si mtu mbaya. Ana kichwa kigumu tu, na watu wa namna hiyo nawajua wengi.

Tabia naye alikuwa na kidonda chake. Dada yake, Mayasa, aliuawa kule mtaa wa Alexandra. Hakuuawa na jambazi. Mumewe ndiye aliyempiga risasi, kwa bastola yenye leseni. Kwa hiyo bastola ilipoingia nyumbani kwao, Tabia alinyamaza. Bakiri naye alinyamaza. Kila mmoja alisema moyoni, tusigombane, tuwe na amani. Amani gani hiyo, jamani?

Kisha ukaja muswada wa kubadili sheria. Ukipita, mtu hatapewa tena leseni ya bastola kwa ajili ya kujilinda. Bakiri alijiunga na kundi la wenye silaha. Tabia alijiunga na kundi la akina mama waliofiwa. Hakuna aliyemwambia mwenzake.

Jumapili moja mchana walikuwa wakila wali. Bakiri alikuwa na furaha.

"Mbunge Carmel yuko upande wetu," alisema. "Bastola yangu haiondoki."

Tabia aliweka kijiko chini. "Carmel yupi?"

"Huyu wetu. Sikiliza."

Alibonyeza simu, kwenye ujumbe wa sauti uliotumwa kundini. Sauti ya mwanamke ikasema: "Ndugu zangu wenye silaha, mimi niko nanyi. Hamtanyang'anywa."

Tabia alichukua simu yake, akabonyeza. Ilikuwa sauti ileile: "Mama zangu mliofiwa, mimi niko nanyi. Silaha hizi zitaondoka."

Walitazamana. Wali ulianza kupoa.

"Kumbe unanizunguka!" Bakiri alisema. "Unataka wezi waniue?"

"Na wewe unataka nife kama Mayasa?"

Sauti zilipanda. Mlango ukagongwa. Alikuwa Mama Orpha, Mkongo aliyepanga chumba cha nyuma. Anafanya kazi katika ofisi ya msaada wa sheria, karibu na Joubert Park. Alisikiliza simu zote mbili, akatikisa kichwa.

"Eish! Ndumilakuwili huyu."

"Jumamosi ana mkutano ukumbini," Bakiri alisema. Alijipiga kiunoni. "Nitasimama mbele yake na hii, ajue mimi ni nani."

"Thubutu!" Mama Orpha alisema. "Papa Bakiri, sheria inakataza silaha kwenye mkutano wa hadhara. Utakamatwa, na leseni utaipoteza. Hata nyumbani, kama bastola huna mwilini, mahali pake ni ndani ya sefu. Si chini ya mto wa kulalia."

Tabia aliangalia sakafu.

"Sasa nifanye nini?" Bakiri aliuliza. "Mimi ni mtu wa kuja."

"Si ulishapata uraia? Unapiga kura. Hata asiye raia anaweza kutuma maoni bungeni. Usimwendee diwani, hawezi kubadili sheria hii. Mbunge anaweza. Lakini msimwulize, 'Uko nasi?' Hapo kila mwanasiasa atasema ndiyo. Mwulizeni atapiga kura gani. Kisha aandike. Na makundi yote mawili yawe ukumbi mmoja, siku moja."

Jumamosi ukumbi ulijaa. Polisi walipekua watu mlangoni. Wenye silaha walikaa kushoto, akina mama kulia. Bakiri alisimama.

"Wageni wakae chini!" mtu alipiga kelele.

Bakiri hakukaa. "Mheshimiwa, muswada ukija bungeni, utapiga kura ya ndiyo au hapana?"

Carmel alitabasamu. "Jambo hili ni zito, lina pande nyingi..."

"Ndiyo au hapana?"

Upande wa pili Tabia alisimama, simu juu. "Na mimi nauliza hilohilo. Mume wangu ulimwambia hivi, mimi ukaniambia vile. Sauti zote mbili tunazo hapa."

Tabasamu likaisha. Carmel alikunywa maji. Watu walisubiri.

"Ndiyo," alisema hatimaye. "Nitauunga mkono."

Akina mama walipiga vigelegele. Wanaume walizomea. Jirani wa Bakiri alinyanyua kiti akitaka kukirusha. Bakiri alimshika mkono. Yeye mwenyewe alikuwa na hasira.

"Tumeomba jibu," alisema. "Ametujibu. Weka kiti chini."

Tabia alikuwa bado amesimama.

"Sijamaliza. Mume wangu alipoomba leseni, afisa wa polisi aliniuliza kama nina wasiwasi. Mume wangu alikuwa ubavuni kwangu. Ningesema nini? Dada yangu naye aliulizwa hivyohivyo. Alisema hana wasiwasi. Muswada upite au usipite, mke ataulizwa lini akiwa peke yake?"

Bakiri aligeuka kumtazama mkewe. Maneno hayo hakuwahi kuyasikia. Aliona aibu.

"Sina jibu leo," Carmel alisema. "Nitawaandikia ndani ya wiki mbili."

Aliandika. Barua ilikuwa na sahihi yake: atapiga kura ya ndiyo, na atapendekeza mke au mume aulizwe faragha. Mama Orpha aliwasaidia wote wawili kutuma maoni yao bungeni. Tabia aliunga mkono muswada. Bakiri aliupinga. Kuhusu kuuliza faragha, walikubaliana.

Siku walipotuma maoni hayo, Bakiri alifungia bastola kwenye sefu, akaja kukaa karibu na mkewe.

"Mama Bushra, hapa tuko wawili tu. Nakuuliza leo. Una wasiwasi?"

"Naogopa," Tabia alisema.

"Wezi?"

"Wezi pia. Lakini wewe zaidi, ukikasirika."

Bakiri aliigeukia sefu. Wezi walimvunja mbavu, lakini hawakumuumiza hivi.

Jumatatu alikwenda kwa muuza silaha mwenye leseni. Waliandikishana kama sheria inavyotaka, na bastola ikauzwa. Dukani aliweka nondo imara na kidirisha cha kupitishia bidhaa. Wateja walilalamika kidogo, kisha wakazoea. Tabia alianza kumjibu mumewe kwa sauti, hata kumgombeza.

"Ujue maoni yangu ya bungeni siyafuti," Bakiri alimwambia. "Bastola nimeiacha kwa hiari yangu. Sheria ile bado naipinga."

"Ipinge," Tabia alisema, akimmiminia chai. "Na mimi nitakupinga hapahapa mezani."