Singo ya Siku Saba

Orpah hakuwa na subira ya kungoja wateja. Siku ya soko pale Migori alisimama nje ya kibanda chake na bakuli la maua ya hibiskasi yaliyosagwa, na yeyote aliyepita karibu mno alipakwa shavu kwanza, bei baadaye. Ndivyo alivyompaka Noordin.

"Dada, mimi nauza sahani," Noordin alisema, akiikusanya kanzu yake nyeupe isichafuke. "Sina haja ya urembo."

"Hiyo ngozi yako inasema vingine. Simama hapo. Ni hibiskasi, asali na maziwa lala. Dakika kumi tu."

Akasimama. Wamama wa mboga walimcheka, naye badala ya kukasirika akaanza kumwitia Orpah wateja: "Karibuni mwone, upande huu mzee, upande huu kijana." Alipomwosha, Orpah alichelewa kuutoa mkono usoni pake, na wote wawili walilijua hilo.

Noordin alikuwa na duka la vyombo Homa Bay, alikoishi na dadake mdogo, Ayesha. Wazazi wao, waliokuwa wametoka Lamu, walishafariki. Kwa miezi minane alimpigia Orpah simu kila jioni.

"Umekula, kipenzi?"

"Nimekula. Wewe umejipaka?"

"Nimejipaka. Wateja wananiuliza mke wangu ni nani."

"Ukawaambiaje?"

"Nikasema bado anafikiria."

Kweli alikuwa anafikiria. Orpah alikuwa Msabato, Noordin Mwislamu, na kila upande kulikuwa na shangazi aliyeapa hatakanyaga harusi hiyo. Kilichompa moyo ni kwamba Noordin hakuwahi kumficha kitu.

Basi Jumapili moja akapiga simu mchana, sauti yake kavu.

"Nitengenezee ya waridi. Waridi, liwa na manjano, ya kutosha siku saba. Nitaijia Alhamisi."

"Ya nani?"

"Tengeneza tu, Orpah. Nimeahidi nisiseme."

Akaanika waridi kivulini siku tatu, akatwanga, akachekecha mpaka unga ukawa laini, akauchanganya na manjano na liwa, ule unga wa msandali, akautia chupani. Jumatano Tima, anayeuza leso kibanda cha pili, akapitisha pua juu ya chupa.

"Nani anaolewa?"

"Kwa nini?"

"Liwa na waridi za siku saba ni singo ya kusugulia mwili, mwenzangu. Kwetu Pwani hasingwi mtu siku saba ila bibi harusi. Nani ameagiza?"

Orpah akaifunika chupa. Aliumia, jamani, aliumia mpaka akaketi juu ya ndoo. Kumbe mwanamume huyu anaoa kwao, na ameona mtu wa kumrembesha mkewe ni yeye, Orpah! Jioni hiyo akamuuzia chupa mama mmoja wa Kegonga aliyekuwa akimwoza binti yake. Alhamisi hakufungua kibanda. Simu ilipolia mara ya sita akaipokea.

"Orpah, niko hapa sokoni. Mbona umefunga?"

"Nimeiuza. Bibi harusi wako atafute mwingine."

"Bibi harusi gani? Nisikilize, siku zenyewe ni chache..."

"Najua ni chache. Hongera."

Akakata, akaifungia namba yake. Angemwacha amalize sentensi moja tu, moja, mimi nisingekuwa na hadithi ya kusimulia. Lakini kwa hasira siku kumi nzima alipaka watu mashavu bila kuwatazama.

Siku ya kumi na moja, asubuhi, akamwona Tima anafunga kibanda, amevaa buibui.

"Naenda msibani Homa Bay. Yule kijana wa vyombo, Noordin, amefiwa na dadake. Saratani ya damu. Msichana wa miaka kumi na tisa, maskini, na alitaka watu wasiambiwe."

Orpah aliomba leso ya kujifunika kichwa, wakaenda pamoja. Walipofika wanaume walikuwa wamesharudi kutoka makaburini. Noordin alikuwa nje, kwenye kiti cha plastiki, miguu yake imejaa vumbi. Tima akaingia kwa wanawake, akawaacha.

"Ungeniambia," Orpah alisema.

"Alinikataza. Alisema ukijua anaumwa utamtengenezea dawa, na dawa zimemchosha. Alijua hataolewa. Alitaka kusingwa siku saba kama wasichana wenzake, kwa singo iliyotoka mikononi mwa wifi yake."

"Wifi yake."

"Hivyo ndivyo alivyokuita. Tangu mwanzo."

"Hukupata kwingine?"

"Nilinunua. Akainusa, akairudisha. Akasema wifi ana hasira kidogo, zitaisha, yeye atangoja."

Orpah alilia bila kuufunika uso. Alijua sasa alichokiuza kwa yule mama wa Kegonga, na hakuna ua duniani ambalo angelitwanga likakirudisha.

"Nisamehe, Noordin."

"Nilikusamehe siku ile ile, pale mbele ya kibanda." Aliongea polepole, macho yamemwiva. "Lakini siku kumi nimemwambia uko njiani. Kila asubuhi aliniuliza, kila asubuhi nikamwambia uko njiani. Sasa umefika, Orpah. Nikikutazama namsikia anauliza tu."

Ndani wanawake walianza kusoma dua. Noordin akainuka.

"Nije kesho?" Orpah aliuliza. "Nisaidie hata kupika tu."

"Usije, kipenzi," Noordin alisema, akaingia kwa wageni wake.