Nukta Nyekundu ya Wabwile

Siku ya soko Kitale, Wacera akipanga mapazia ya mitumba, kijana wa shati jeupe lililonyooshwa vizuri alisimama mbele yake. Alitaka pazia jeusi, zito.

"Pole. Umefiwa?"

"Hapana, mrembo. Nataka giza mchana."

Wacera alimkagua kutoka viatu hadi nywele. Mwanaume anayenunua giza! Lakini alicheka, na kabla ya kicheko kuisha wakawa wamepeana namba.

Jina lake Wabwile. Alisema anafanya kazi katika chuo kimoja Bungoma, kuweka kamera inayofuata macho ya mtu akisoma, na jua la dirishani liliisumbua. Hivyo ndivyo alivyosema. Miezi ikapita, wakaitana mpenzi, Wacera akaanza kumtaja katika maombi.

Mpaka siku Wacera alipompigia simu akiwa kazini.

"Ngoja kidogo, mpenzi," Wabwile alisema, kisha sauti yake ikasikika mbali: "Linet, karibia. Kidevu hapo. Usicheke, bana!"

Kesho yake Wacera alivaa gauni lake la kijani la kanisani akaenda Bungoma, bila kumwambia yeyote ila Mungu.

Aliwakuta nyuma ya pazia lile lile. Linet, kidevu juu ya egemeo mbele ya skrini, Wabwile amemwinamia.

"Kumbe giza langu ndilo mnatumia!"

"Wacera! Huyu tunafanya kazi pamoja!"

"Ati kazi. Dada, toka. Wewe, kaa. Weka picha yangu huku, yake kule. Tuone macho yako yanapenda nani."

Wabwile, kwa haraka ya kujitetea, akaweka picha zote mbili kwenye skrini, akakaa. Nukta nyekundu, inayoonyesha mahali mtu anaangalia, ikatua kwenye shavu la Linet pichani. Ikatulia.

"Asante Yesu kwa kunifunulia," Wacera alisema, akatoka.

Linet alimfuata mbio hadi getini. "Dada, mashine hufundishwa macho ya kila mtu kabla ya kazi. Ilikuwa bado na yangu. Amesahau!"

"Mmepanga hiyo?"

"Basi kaa mwenyewe uone."

Wacera akarudi, akakaa, akakazia macho picha yake. Nukta ikaenda kwenye picha ya Linet.

"Ngai, Mungu wangu! Na mimi simwangalii huyu!"

Safari hii Wabwile alianza upya, akifuata vidoti kwa macho kutoka pembe moja ya skrini hadi nyingine mpaka mashine ikamjua. Picha zikarudi. Nukta haikuonekana.

"Imejificha wapi?" Wacera akauliza.

"Inaonekana tu akiangalia skrini," Linet akajibu, akitabasamu.

Wacera akageuka. Kidevu cha Wabwile kilikuwa kwenye egemeo, lakini macho yalikuwa kwake.

"Angalia mashine, wewe!"

"Siwezi. Nilete wazee kwenu lini?"

Wacera akavuta pazia kando, jua likaingia, akamtazama vizuri.

"Kwanza Jumapili uje kanisani kwetu. Nataka kukuona ukiwa umefumba hayo macho."