Ubeti wa Kumi na Mbili

Haya hayakunipata mimi. Yalimpata rafiki yangu Deusi, fundi umeme hapa Toronto, tena saa nne asubuhi. Alishuka peke yake kwenye handaki la zamani chini ya jengo wanalokarabati mtaa wa Parkdale, kufuata drili aliyoisahau jana yake. Mlango wa chuma ukajifunga nyuma yake, na taa zikazimika.

Aliugonga mpaka mikono ikamuuma. Ndipo akasikia, ndani kabisa ya giza, wanaume wakiimba.

Wimbo aliujua. Msimamizi wao, mzee Fergal, Mwairishi, huuimba wakila chakula cha mchana. Ni wimbo wa vibarua wa kwao waliovuka bahari kuja kuchimba mahandaki. Kila ubeti humwita mmoja aliyefukiwa na kifusi, naye huitika kutoka chini. Majina ni kumi na moja.

Deusi akadhani mzee anamtania. Akaiweka simu irekodi, akaitia mfukoni. Sauti zikasogea, jina baada ya jina, mpaka akawa anasikia wanavyohema. Baada ya la kumi na moja wakaita, “Deusi.”

Bibi yake kule Bukoba alimkanya tangu utotoni asiitikie mwito wa mtu asiyemwona. Akaziba mdomo kwa mikono miwili, hakuiondoa mpaka Fergal alipomfungulia.

Juzi alikuja kwangu na ile rekodi.

“Sikufungua mdomo,” akaniambia. “Naapa.”

Tuliisikiliza jikoni. Wanaita majina kumi na moja, kisha la kwake. Halafu, karibu kabisa na simu, sauti ya Deusi inaitika taratibu, “Naam.”